Sataranji ya Ubao Mpana, Mkunguni: Shajara ya Mradi

Januari, kaskazi

Kitambaa kimepatikana. Ni kipande cha tanga kuukuu la mashua, pamba nzito iliyolainishwa na jua na chumvi. Fundi anayeshona mifuko ya matanga aliniuzia kwa bei ya mabaki. Nilifikiria ubao wa mbao nikauacha. Miraba 144 ya mbao ni meza kamili, na meza haizungushiki kwenye vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu ambamo mwenye njia ni punda. Tanga unalikunja, unalitia kwapani, unakwenda.

Kwa anayeanza kusoma hapa: mradi ni kutengeneza seti moja ya sataranji itakayotosha kuchezea michezo kadhaa ya ubao mkubwa, ile inayopita miraba 64 na kuongeza kete zisizomo kwenye chesi ya kawaida. Kisha tuicheze hadharani kwenye uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, pamoja na wanafunzi wa kilabu changu na yeyote atakayetaka kuketi. Chesi yenyewe sijaichoka. Kinachonisumbua ni kwamba vijana wangu wanacheza hatua za mwanzo bila kufikiri, wamezikariri kwenye simu. Ukimuuliza mmoja kwa nini amemtoa farasi yule, anakujibu ndivyo inavyochezwa. Nataka niwapeleke mahali ambapo hakuna cha kukariri.

Tumechora miraba 12 kwa 12, kila mraba sentimita 5, kwa hiyo uwanja mzima ni sentimita 60 kila upande. Miraba ya giza tumeipaka rangi ya mashua ya kahawia. Ndani yake tumepitisha mpaka mwekundu wa 10 kwa 10, na ndani zaidi mpaka wa buluu wa 8 kwa 8, ule wa kawaida. Mbao za sataranji za Waarabu na Waajemi wa zamani hazikuwa na rangi mbili, zilikuwa mistari mitupu, nami napenda ule utupu. Lakini kumwambia mtoto amfuate askofu mshazari kwenye miraba 144 isiyo na rangi ni kumtesa bure. Rangi ikapakwa.

Februari

Mjadala wa kuanza na mchezo gani umechukua jioni nzima ya kilabu, na kahawa nyingi.

Wazo la kupanua ubao lina umri mkubwa. Mwaka 1617 kasisi wa Sicilia, Pietro Carrera, alichapisha kitabu cha sataranji ambamo alipendekeza ubao wa miraba 10 kwa upana na 8 kwa urefu, pamoja na kete mbili mpya kila upande: moja inayobeba mwendo wa ngome na wa farasi kwa pamoja, nyingine wa askofu na wa farasi. Ngome inakwenda wima na mlalo, askofu mshazari, farasi anaruka miraba miwili na mmoja kando. Mwaka 1874 Mwingereza Henry Bird alirudi palepale kwa mpangilio wake. Halafu akaja José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921, naye akasimama kwenye kete zilezile. Hofu yake ilikuwa sare. Aliona wachezaji wakubwa wataujua mchezo kiasi kwamba hakuna atakayemfunga mwenziwe. Wapo waliodai kuwa hayo ni maneno ya mtu aliyenyang'anywa taji, ingawa aliyasema akiwa bado bingwa. Na taji lenyewe alinyang'anywa vipi? Mwaka 1927, Buenos Aires, na Alexander Alekhine, katika pambano la michezo 34 ambayo 25 iliisha sare. Mimi nikitazama hesabu hiyo, naona alikuwa na hoja.

Basi tunaanza na Capablanca: miraba 80, kete 20 kila upande, askari 10 mbele.

Suala la umbo la hizo kete mbili tumelimaliza kwa kofia. Hatuchongi umbo jipya. Tunachonga ngome ya tatu na askofu wa tatu kwa kila upande, halafu kofia ndogo ya mbao yenye tundu chini, inayovishwa kichwani, na maana yake ni moja tu: huyu anaruka pia kama farasi. Ngome yenye kofia, askofu mwenye kofia. Fundi hapunguziwi kazi kwa mpango huu, wanaopunguziwa ni wachezaji. Mgeni akiketi, akiiona kofia, hahitaji kuuliza.

Februari, mwishoni

Karakana ya Langoni. Fundi ni mchonga milango, na mbao anazotupa ni mabaki ya milango: mwembe kwa upande mweupe, mbambakofi kwa upande mweusi. Mbambakofi ni mgumu, unakula patasi, lakini wekundu wake mzito ukipakwa mafuta unapendeza kuliko nyeusi yoyote ya dukani. Viwiliwili vyote vinakerezwa kwanza kwa umbo moja, kisha vichwa vinachongwa kwa mkono.

Nilipomtajia orodha kamili, maana nia yetu ni kufika hadi kwenye michezo yenye twiga na ngamia, aliweka nyundo chini.

"Mwalimu, mimi sichongi chenye roho."

Sikubishana, na wala sikutaka. Nakshi ya Lamu imeishi kwa maua, minyororo na mawaridi bila sura ya kiumbe, na huyu mtu amejifunza kwa baba yake. Zaidi ya hayo, sataranji ilishapita njia hiyo zamani. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ipo seti ya karne ya 12 kutoka Nishapur, Iran, na haina mnyama hata mmoja mwenye uso. Tembo ni kigingi chenye vinundu viwili, ndiyo pembe zake. Farasi ana kinundu kimoja. Mfalme ni kiti cha enzi. Vinundu viwili vya tembo vilipofika Ulaya vikatazamwa upya, wengine wakaviona kofia ya askofu yenye mpasuko, na ndiyo maana kete ile ina jina la kikasisi hadi leo.

Nilimwonyesha picha. Akacheka. "Kumbe wenyewe walifahamu."

Tangu hapo kazi imekuwa yake. Mfalme ni kiti cha enzi cha Lamu, mgongo wima na mikono miwili. Ngome ameichonga kwa kutazama Ngome iliyopo Mkunguni, ile iliyomalizika kujengwa 1821, na vimeno vyake juu ya ukuta. Twiga atakuwa shingo tupu, ndefu, isiyo na kichwa. Ngamia ni nundu. Kofia ya farasi imekuwa kinundu kimoja, kwa hiyo kofia na farasi mwenyewe wanafanana, kama tulivyotaka.

Ramadhani, baada ya tarawehi

Michezo inaanza usiku na kuisha watu wakiamka daku. Mkunguni panajaa: karata, dhumna, bao, na sisi pembeni na tanga letu. Watazamaji ni wengi kuliko wachezaji, na kila mtazamaji ana shauri.

Jambo moja limejitokeza wazi kiasi kwamba nimeamua kulipigia hesabu. Vijana wanasema kwenye ubao mpana farasi amechoka. Nikakaa na daftari. Kwenye ubao mtupu wa 8 kwa 8, ngome ina miraba 14 ya kwendea popote isimamapo. Farasi, ukichukua wastani wa ubao wote, ana 5.25. Panua hadi 10 kwa 10: ngome inapata 18, farasi 5.76. Kwenye 12 kwa 12 ngome ina 22 na farasi 6.11. Askofu anapanda kutoka 8.75 hadi 11.4 kwenye ubao wa 10. Kwa maneno mengine kila mwenye mwendo mrefu anatajirika ubao ukikua, na mrukaji anaongezewa makombo, ambayo ni faida tu ya kukaa mbali na kingo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Carrera, Bird na Capablanca, kwa karne tatu, wote walimshika farasi na kumuunganisha na mwingine. Hawakuwa wanatafuta vituko. Ubao ukitanuka, aliyeumia ni farasi, nao wakamtibu kwa kumpa miguu ya ngome na ya askofu.

Mwanafunzi mmoja, msichana wa kidato cha tatu asiyependa hesabu zangu zikae bila kupingwa, aliniuliza: farasi akitoka pembe hadi pembe inayoikabili mshazari anatumia hatua ngapi? Kwenye 8 kwa 8 ni 6. Kwenye 10 kwa 10? Tukahesabu pamoja. Ni 6 vilevile, kwa sababu ya rangi za miraba: kwenye ubao mdogo hatua 5 zingemtosha kwa umbali lakini zinamtua kwenye rangi isiyo yake, kwa hiyo analazimika kuongeza moja. Basi farasi hachoki kwa safari ndefu. Anachoka kwa kuzidiwa na majirani. Nimeliandika hapa kwa sababu ni lake.

Ramadhani, kumi la mwisho

Michezo michache. Watu wako misikitini. Kofia moja ya mbambakofi imepasuka, fundi atachonga nyingine.

Baada ya Idi

Askofu mwenye kofia ndiye kipenzi cha kilabu. Mwanzoni walimdharau, wakaona ngome yenye kofia ndiyo kubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia ngome ni ngome. Lakini H. G. Muller, mtunzi wa programu za sataranji, aliwahi kuichezesha mashine dhidi ya nafsi yake kwa kete hizi, na alichokuta ni kwamba askofu-farasi anakaribia sana thamani ya ngome-farasi. Tumeweka programu ya Fairy-Stockfish kwenye kompyuta ya kilabu, inayojua mchezo wa Capablanca na mingine ya ubao mkubwa, nayo haimtoi askofu mwenye kofia kirahisi.

Sababu mojawapo tumeiona kwa macho. Weka mfalme wa adui pembeni kabisa mwa ubao, kwenye kona. Msimamishe askofu mwenye kofia miraba miwili kutoka kwake, mshazari. Mshazari unampiga mfalme na unafunga mraba ulio katikati yao. Farasi aliyemo kofiani anafunga miraba miwili ya kando. Mfalme hana pa kwenda. Mati, kwa kete moja, bila msaada wa mtu. Malkia hawezi kufanya hivyo peke yake, na ngome yenye kofia pia haiwezi, jaribuni mtaona. Hapa Mkunguni mwenye mfalme kwenye kona sasa anaogopa kupita kawaida, na wachezaji wameanza kuwaondoa wafalme wao kwenye kona waliyofundishwa kuwa ni salama. Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu Januari: mtu anafikiri mwenyewe.

Tumehamia mpaka mwekundu. Mchezo ni ule wa Christian Freeling, Mholanzi, wa mwaka 1984, 10 kwa 10. Kete ni zilezile 20 za Capablanca, kofia zilezile, lakini mpangilio umesafishwa. Ngome mbili ziko peke yake kwenye safu ya nyuma kabisa, kila moja kwenye kona yake, wengine wote wako safu ya pili, askari safu ya tatu. Kwa kuwa safu ya nyuma iko tupu, ngome zinatembea tangu hatua ya kwanza, na ule utaratibu wa kubadilishana mfalme na ngome haupo tena kwa sababu hauna kazi. Kwa maoni yangu huu ndio mchezo bora wa ubao mpana kwa mtu anayetoka chesi ya kawaida. Hauongezi kitu kisichohitajika.

Kanuni yake ya askari imezua kelele. Askari anaweza kupanda cheo akifika safu ya 8 au ya 9, akipenda. Safu ya 10 ni lazima. Lakini anapanda kuwa kete yako iliyokwisha kuliwa tu. Kama hakuna aliyeliwa, askari anangoja safu ya 9 na hawezi kuingia ya mwisho. Mvulana mmoja alikuwa na askari wawili wanangoja hivyo, akaanza kumsukumia mwenziwe malkia amle. Mwenziwe akakataa kula. Mzunguko mzima wa watazamaji ukashangilia kukataa.

Masika

Mvua. Tanga halitoki. Tunachezea ukumbini kwangu, na ukumbi ni mdogo, kwa hiyo tunasoma zaidi kuliko kucheza.

Tumeupitia mchezo wa Courier, wa Ujerumani, miraba 12 kwa 8, uliotajwa tayari mwanzoni mwa karne ya 13. Mchoraji Lucas van Leyden alimchora mwanamke akiucheza, karibu mwaka 1508. Mtawala wa Brandenburg alikipa kijiji cha Ströbeck ubao mwaka 1651, upande mmoja sataranji ya kawaida, upande wa pili Courier. Ukweli unaonivutia ni huu: katika sataranji ya wakati huo askofu alikuwa bado yule tembo wa zamani anayeruka miraba miwili mshazari na kuishia hapo. Kwenye Courier alikuwepo tayari mjumbe anayekwenda mshazari umbali wowote, sawa na askofu wa leo. Kete tunayoiona ya kawaida ilizoezwa kwanza kwenye ubao mpana, kisha ikaja kwenye mdogo.

Tumejaribu kuucheza mara chache. Ni wa polepole. Wamejaa wanaokwenda hatua moja moja, na ubao wa upana ule unataka miguu. Tumeuweka pembeni.

Masika, bado mvua

Hili ndilo jambo kubwa la mradi mpaka sasa, na limetoka kwa kukosa cha kufanya. Niliwapa wanafunzi karatasi wachore mpangilio wa mwanzo wa kila mchezo tuliokutana nao, kisha wahesabu safu tupu kati ya askari weupe na weusi.

Chesi ya kawaida: 4. Capablanca: 4. Courier: 4. Freeling, ubao wa 10: askari safu ya 3 na ya 8, katikati 4. Mchezo mkubwa wa kitabu cha mfalme Alfonso wa 10 wa Castilia, wa mwaka 1283, ubao wa 12 kwa 12, wenye simba na mamba na twiga: askari safu ya 4 na ya 9, katikati 4. Mchezo wa Timur, ambao bado hatujaugusa, safu 10: nne tena.

Karne saba, nchi mbalimbali, na ubao unakua kwa nyuma na kwa kando tu. Katikati haiguswi. Wajapani wametoka kidogo: shogi yao ya 9 kwa 9 ina safu 3.

Tukataka kujua kwa nini. Tulichukua ubao wote wa 12 kwa 12, tukaweka askari safu ya 3 na ya 10, safu 6 tupu katikati, kete za Freeling na askari wa kuongezea. Matokeo hayakuchelewa kuonekana. Askari wa mbele anakwenda peke yake katika uwanja mpana, hana wa kumlinda, hatishi mtu. Farasi akitoka nyumbani anakaa hatua nyingi bila kumgusa yeyote. Kete ndefu zinasubiri nyuma, kila mmoja anangoja mwenziwe avuke kwanza, kwa sababu anayevuka ndiye anayeliwa. Michezo iliyoisha iliisha kwa uchovu. Kwa safu 4, kila askari akisogea miraba miwili tayari wanatazamana na vita inaanza. Kwa safu 6 wanasogea miwili na bado hawajuani.

Vijana wameziita safu zile nne Mkanda, kwa mkondo unaopita kati ya Manda na bara: mwembamba, kila chombo kinataka kuupita, na maji yakiwa haba mnakwama nyote. Jina limekubalika. Sasa mtu anasema "wamekamata Mkanda" na kila mmoja anafahamu.

Kwa hiyo mtu akija kwangu na ubao wake mpya aliobuni, na wameshaanza kuja, swali langu la kwanza si una kete gani. Nauliza: Mkanda wako una safu ngapi?

Kusi

Upepo umegeuka, jua limerudi, tumerudi Mkunguni na mchezo wa Timur.

Huu ni mchezo unaohusishwa na Amir Timur wa Samarkand, na habari zake tunazo kwa Ibn Arabshah, aliyechukuliwa mateka akiwa mtoto Timur alipoitwaa Damascus mwaka 1401, na baadaye akaandika maisha yake kwa Kiarabu bila kumpenda hata kidogo. Inasimuliwa kwamba Timur alikuwa kwenye sataranji, ameshambulia mfalme na ngome kwa pamoja, ndipo akaletewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kiume, akamwita Shah Rukh, yaani mfalme na ngome.

Ubao ni miraba 11 kwa upana na 10 kwa urefu, jumla 110, na juu ya hapo miraba miwili inayochomoza nje: mmoja kulia kwenye safu ya pili, mwingine kushoto kwenye safu ya tisa. Hiyo ni makimbilio. Upana wetu wa 12 ulitosha kwa upande mmoja, upande wa pili fundi wa mifuko akashona kipande cha tanga kinachoning'inia nje ya pindo. Watoto wanakiita mfuko.

Kila upande una kete 28. Mfalme, waziri anayekwenda mraba mmoja wima au mlalo, jemadari anayekwenda mmoja mshazari. Kisha jozi jozi: ngome, farasi, mpelelezi anayekwenda kama askofu lakini si chini ya miraba miwili, tembo, ngamia, mtambo wa vita, na twiga. Mbele yao askari 11, kila mmoja wa bwana wake.

Ngamia anaruka mitatu mbele na mmoja kando, haachi rangi aliyozaliwa nayo. Mtambo wa vita unaruka miwili wima au mlalo. Katika mpangilio tulioufuata, mitambo miwili ya upande mmoja inatembelea miraba ileile 30 maisha yake yote, na kwa kuwa ya mweupe inaanzia safu ya 1 na ya mweusi safu ya 10, haiwezi kukutana kamwe. Tembo ni maskini zaidi: miraba 15 kati ya 110, na ndugu wawili wa upande mmoja hawashiriki hata mmoja. Nilidhani vijana watalalamika. Kinyume chake, wameanza kuijua miraba ya kila tembo kwa moyo na kupitisha mfalme nje yake. Kete dhaifu inayojulikana ilipo inatawala kuliko nilivyotegemea.

Twiga ndiye aliyewaleta watu kutoka kwenye dhumna. Anakwenda mraba mmoja mshazari, kisha moja kwa moja miraba mitatu au zaidi, na haruki mtu njiani. Karibu haoni kitu, mbali anaua. Ile shingo tupu ya fundi, juu ya kete zote, inasomeka kutoka barazani.

Kuna mtu aliuliza Timur wa Samarkand twiga alimjua wapi. Alimjua. Mwaka 1404 mjumbe wa Castilia, Clavijo, akiwa safarini kwenda kwa Timur, alikutana njiani na ujumbe wa sultani wa Misri, nao wanampelekea twiga. Timur akafa mwaka uliofuata akijiandaa kuivamia China. Na China ikapokea twiga wake mwaka 1415, aliyepelekwa na wajumbe wa Malindi, hapa hapa pwani yetu, kwa mfalme Yongle. Mzee mmoja aliposikia Malindi akasema, "Basi huyo kete ni jamaa," akasogeza kiti.

Kusi, Ijumaa baada ya laasiri

Mzee huyohuyo. Ni mchezaji wa bao, wa kete 64 na mashimo 32, na hajawahi kushika sataranji. Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Ndoo unifundishe, lakini yeo, si kesho."

Akaketi na yule msichana wa kidato cha tatu. Mwendo wa kete alikuwa akiuliza kila mara, "Huyu aruka au apita?" na msichana anamjibu, "Anaruka, babu." Lakini makimbilio aliyashika mara moja, bila kufafanuliwa mara mbili, kwa kuwa bao la Kiswahili lina nyumba na yeye amezilinda nyumba miaka yote. Kanuni ni kwamba mfalme wako akiingia kwenye makimbilio ya adui, mchezo ni sare, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukaa humo ila mfalme.

Msichana alimla nusu ya jeshi. Twiga wake wawili walikuwa wameshika pande zote mbili za Mkanda. Mzee alikuwa amebaki na mfalme, ngamia mmoja, tembo mmoja na askari kadhaa. Akaanza kumtembeza mfalme. Watu wote wakadhani anakimbia. Alikuwa anapita kwenye miraba ambayo twiga hawaigusi, ile ya karibu nao kabisa, ubavuni mwao, kwa sababu alishaona kwamba twiga haoni karibu. Akamtoa mfalme mpaka pindoni, akamwinua, akamweka kwenye mfuko wa tanga.

"Suluhu," akasema.

Msichana alinitazama mimi, akidhani nitakataa. Sikuwa na la kukataa. Aliuliza kama wanaweza kurudia. Mzee akamwambia apange, mwenyewe akaagiza kahawa.

Hali ya kazi sasa

Upande wa mbambakofi umekamilika. Wa mwembe umebakiza askari. Hao ndio wanaochukua muda, kwa kuwa askari 11 wa Timur hawafanani. Askari wa twiga akifika mwisho anakuwa twiga, askari wa ngome anakuwa ngome, askari wa mfalme anakuwa mwanamfalme, na kwa hiyo kila mmoja anatakiwa abebe alama ya bwana wake kichwani, ndogo, isomeke hata kwa taa ya Mkunguni usiku. Kinundu, vinundu viwili, nundu, vimeno vya ngome. Fundi anatumia patasi yake nyembamba kuliko zote, ile ya kumalizia waridi.

Aliyetusumbua ni askari wa askari, ambaye bwana wake ni askari, na kanuni zake za kupanda cheo ni ndefu kuliko za wengine wote: anarudishwa uwanjani mara kadhaa kabla ya kupata cheo cha mwisho. Nilipendekeza mstari kichwani. Msichana akapendekeza duara. Fundi akasema wenziwe wote wakiwa na alama, yeye aachwe kichwa kitupu, na mtu atamjua. Tumekubaliana hivyo. Anasema upande wa mwembe utakuwa tayari kabla ya Maulidi, na kwamba niache kupita karakanani kila asubuhi kumuuliza.